Baba Yangu Alikuwa Stesheni Masta: Ninayoyajua Kwake Yataingiaje Katika Kamusi Elezo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Muhoroni. Baba alifanya kazi ya reli tangu enzi za East African Railways hadi akastaafu akiwa stesheni masta. Mwezi uliopita niliongeza aya tatu kwenye makala ya reli ya Nakuru hadi Kisumu katika Wikipedia, kamusi elezo huru ya mtandaoni. Nilieleza habari za stesheni za njia hiyo kama alivyonisimulia, kisha nikasahihisha mwaka reli ilipofika Kisumu, maana makala ilisema 1903 na yeye anasema 1901. Kufikia jioni yote yalikuwa yamefutwa, na aliyefuta aliacha neno moja tu: "vyanzo". Chanzo ni mzee aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake. Nifanye nini? Na mwaka wa kweli ni upi?

Jibu: Mwalimu, nianze na huo mwaka, kwa sababu ukishauelewa utakuwa umeelewa nusu ya kazi yenyewe.

Mzee wako yuko sawa. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901. Florence Preston, mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyekuwa mbele kabisa na kikosi cha kutandika reli, ndiye aliyepigilia chuma cha mwisho, na mahali hapo pakaitwa Port Florence. Lakini aliyeandika 1903 naye hakuota. Reli iliyofika ziwani mwaka 1901 ilikuwa bado changa. Kwenye miteremko ya Mau treni zilikuwa zikipita njia za muda zilizozunguka mabonde, huku madaraja marefu ya chuma yakiendelea kusimamishwa. Yalikuwa 27, na mkataba wake ulipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company. Kazi za kudumu zilikamilika mwaka 1903. Kwa hiyo mmoja anataja siku chuma kilipogusa maji, mwingine anataja mwaka ujenzi ulipokwisha. Wewe ulipofuta 1903 ukaweka 1901, ulitoa ukweli mmoja ukaweka ukweli mwingine, na msomaji bado hakupata picha kamili. Sentensi inayotakiwa ina miaka yote miwili, na kila mwaka una maelezo yake na chanzo chake.

Hapo hapo kuna jambo jingine ambalo makala nyingi hulikosa, na ukilirekebisha utakuwa umefanya kazi kubwa. Utasoma mara kwa mara kwamba reli "ilifika Kisumu, nchini Kenya, mwaka 1901". Desemba 1901 Kisumu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Nakuru pia. Mpaka ulihamishwa Aprili 1902, ndipo sehemu hizo zikatiwa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki, na jina la Kenya kama koloni likaja mwaka 1920. Watu huuliza kwa nini reli iliitwa Reli ya Uganda ilhali haikufika Uganda. Ilifika. Mpaka ndio uliosogea baada ya reli kufika. Sentensi mbili za namna hii, zikiwa na chanzo, zina manufaa kuliko aya nzima ya sifa kuhusu ujasiri wa wajenzi.

Sasa nije kwa kufutwa kwa maandishi yako. Najua inauma. Umekaa na mzee, umemsikiliza, umeandika kwa uangalifu, halafu mtu usiyemjua anafuta yote. Lakini aliyefuta hakusema mzee wako ni mwongo, wala hakuna anayeshuku kwamba alikuwa stesheni masta. Kanuni anayoisimamia ni kwamba kila dai katika kamusi elezo liwe ni jambo ambalo msomaji mwingine anaweza kulihakiki mwenyewe. Mwanafunzi aliye Pemba au Bukoba akisoma aya yako hawezi kuja Muhoroni kumuuliza baba. Akikuta kando ya aya kuna jina la gazeti, tarehe na ukurasa, anaweza kulitafuta. Kanuni hiyo ndiyo inayowalinda wazee kama baba yako pia, kwa maana siku mtu mwingine atakapokuja na kusema babu yake aliyaona mambo kinyume kabisa, kamusi elezo haitakuwa na njia nyingine ya kuamua isipokuwa maandishi yaliyochapishwa.

Kanuni ya pili inafuata hiyo: kamusi elezo si mahali pa kuchapisha utafiti kwa mara ya kwanza. Mahojiano uliyoyafanya na mzee ni utafiti, tena mzuri. Yanahitaji kuchapishwa au kuhifadhiwa kwingine kwanza, ndipo kamusi elezo iyataje.

Basi kumbukumbu za mzee zina kazi gani? Zina kazi kubwa mno, ila si ile uliyozipa.

Kazi ya kwanza ni kukuonyesha pa kutafuta. Vijana wengi wanaoandika kuhusu reli yetu hukwama kwa sababu wanatafuta majina ya leo katika nyaraka za jana. Ukitafuta "Kipkelion" katika gazeti rasmi la serikali la miaka ya mkoloni, utatoka mikono mitupu, kwa sababu stesheni hiyo iliitwa Lumbwa. Nyahururu utaikuta kwa jina la Thomson's Falls. Kisumu ya mwanzo utaikuta kwa jina la Port Florence. Mzee wako anayajua majina haya bila kufungua kitabu, na anajua pia stesheni ndogo zilizofungwa, saidingi (njia za pembeni) za mashamba ya miwa, na mahali treni zilipokuwa zikipishana. Kaa naye, mwambie akutajie stesheni zote kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa mpangilio, majina ya zamani na ya sasa, wewe ukiandika. Njoro, Elburgon, Turi, Molo, Mau Summit, Londiani, Lumbwa, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, na zile ndogo za katikati ambazo atakuongezea yeye. Orodha hiyo haitaingia katika makala ikiwa na jina la baba kama chanzo. Itakuwa ufunguo wako wa kuingilia kwenye nyaraka.

Na nyaraka zipo, nyingine hata simu yako inazifikia. Gazeti rasmi la serikali lilianza kutolewa mwaka 1899, na matoleo mengi ya zamani yamepigwa skani yakawekwa mtandaoni bure, unaweza kutafuta neno moja moja ndani yake. Humo mna matangazo ya ardhi ya reli, nauli, ajira na mabadiliko ya majina. Ripoti za kamati iliyosimamia ujenzi zilipelekwa katika bunge la Uingereza na nyingi zinasomeka mtandaoni. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa, na Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ukiwa Kisumu, ingia Makumbusho ya Kisumu, na uulize pia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Maseno. Aliye upande wa Nakuru ana Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro. Tasnifu za wanafunzi wa historia zina mambo mengi kuhusu miji iliyochipuka kandokando ya reli, na tasnifu ya uzamivu iliyopitishwa na chuo hukubalika kama chanzo. Ratiba za kazi za shirika la reli, vile vitabu ambavyo mzee huenda bado anavyo sandukuni, navyo ni vyanzo halali kwa mambo makavu kama umbali, mwinuko na mpangilio wa stesheni, almuradi utaje jina, mwaka na ukurasa. Kwa mambo ya sifa au lawama, usitegemee maandishi ya shirika lenyewe. Tafuta mtu wa nje.

Kazi ya pili ni picha, na hapa ndipo familia za watu wa reli zinapoweza kutoa kitu ambacho hakuna profesa anaweza kukitoa. Ikiwa mzee alipiga picha mwenyewe, haki ni yake, na anaweza kuzitoa kwa leseni huru katika Wikimedia Commons, ghala la picha linalotumiwa na matoleo yote ya Wikipedia. Angalia vizuri hapo: kwa kawaida mwenye haki ni aliyeshika kamera. Picha ambayo mzee anaonekana amesimama jukwaani na kofia yake, iliyopigwa na mtu wa studio, haiwi mali yake kisheria kwa sababu tu imekaa kwenye albamu yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huipa picha ulinzi wa miaka 50, ikihesabiwa tangu ilipopigwa au kuchapishwa, kutegemea lipi lilikuja mwisho. Hiyo ni hesabu ya mwanzo, kwa sababu Commons hutaka picha iwe huru pia kwa sheria ya Marekani. Kama una shaka, uliza kwenye dawati lao la maswali kabla ya kupakia.

Lakini hata bila albamu unayo simu, nawe unakaa kando ya reli yenyewe. Nenda stesheni mchana, omba ruhusa kwa wahusika, upige picha ya ubao wa jina. Mbao za zamani za njia zetu nyingi zilikuwa na mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa futi, chini ya jina la stesheni. Piga ubao, piga jengo kutoka pande mbili, kisha kama kuna daraja la chuma karibu tafuta bamba la mtengenezaji, lile lililosubiwa kwa herufi zilizonyanyuka. Tazama pia ubavu wa reli yenyewe: viwanda vilikuwa na desturi ya kuchapa jina na mwaka kwenye chuma kikiwa bado cha moto, na alama hizo husomeka baada ya miongo mingi ukisugua kutu kidogo, ingawa treni zimepita juu yake mara zisizohesabika. Piga picha mwanga ukiwa wa pembeni, asubuhi au jioni, ili herufi zitoe kivuli. Usisimame katikati ya njia ukidhani hakuna treni.

Kwa hivyo vipimo vya mwinuko, nikupe tahadhari moja kwa kuwa vinavuruga makala nyingi. Timboroa, kwenye njia ya Eldoret, utaikuta imeandikwa futi 9,001 mahali pengine na futi 9,136 mahali pengine, na wahariri hugombana kufuta namba ya mwenzao. Namba zote mbili ni sahihi. Futi 9,001 ni stesheni yenyewe. Futi 9,136, karibu mita 2,785, ni kilele cha njia, mahali reli inapofika juu kabisa, nje kidogo ya stesheni. Kila unapokuta namba mbili zinazopingana, kabla ya kufuta uliza kwanza kama zinapima kitu kimoja.

Ziko namba ambazo kweli zinapingana, na hizo zina utaratibu wake. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kwa ajili ya ujenzi walikuwa karibu 32,000. Waliofia kazini utakuta vitabu vingine vinasema 2,493, vingine 2,498. Usichague unayoipenda. Andika kwamba chanzo fulani kinataja hii na kingine kinataja ile, kisha uendelee. Ila hapo ongeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko tofauti ya watu watano: hesabu hizo ni za wafanyakazi wa kutoka India. Waafrika waliobeba, waliokata msitu na waliokufa njiani hawamo katika namba hiyo, na makala inayosema "watu 2,498 walikufa wakijenga reli" imewatoa watu wetu katika hesabu bila kukusudia. Kuandika "wafanyakazi kutoka India" mahali pa "watu" ni hariri ya maneno machache, na ndiyo aina ya hariri ninayoithamini kuliko zote.

Nikiwa hapo niseme na la Wanandi, maana Muhoroni iko chini ya miinuko yao na lazima utalikuta. Maandishi ya watawala wa wakati huo yanazungumza juu ya wizi wa nyaya za simu na bolti za reli. Maandishi ya wanahistoria wa baadaye yanayaweka matendo hayo ndani ya upinzani wa Wanandi uliodumu kuanzia 1895 hadi 1905, ukavunjwa baada ya Koitalel arap Samoei kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani. Kamusi elezo haitaki uite "wizi" kwa sauti yako, wala haitaki uandike hotuba. Inataka useme nani alisema nini. "Maofisa waliripoti kwamba…" "Mwanahistoria fulani anaeleza kwamba…" Ukifanya hivyo kwa uaminifu, msomaji ataona mwenyewe uzito uko wapi. Mimi binafsi naona makala ya reli ya Nakuru hadi Kisumu isiyomtaja Koitalel haijakamilika, na vyanzo vya kuitetea sentensi hiyo ni vingi.

Kuna kosa la muundo ambalo ningependa ulichunguze katika makala yoyote ya reli za magharibi. Waandishi wengi hudhani treni ya Kampala ilipita Kisumu. Kwa miaka mingi Kisumu ilikuwa mwisho wa reli: abiria wa Uganda alishuka gatini, akapanda meli. Meli ya kwanza ya reli, SS William Mackinnon, ilisafirishwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, yaani kabla reli yenyewe haijafika. Zikafuata Winifred na Sybil. Baadaye njia nyingine ikachipuka kutoka Nakuru, ikapanda Timboroa, ikafika Eldoret mwaka 1924 na hatimaye Kampala mwaka 1931. Kuanzia hapo njia kuu ikawa ya Eldoret, na njia ya Kisumu ikageuka kuwa tawi linaloanzia pale njia panda, nje kidogo ya Nakuru. Tawi la Butere, linalopita Luanda na Yala, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tawi la Kitale linatoka upande wa Eldoret, si Kisumu. Ukiyaweka haya sawasawa kwenye ramani ndogo, utaokoa wasomaji wengi, wakiwamo wanafunzi wako.

Na kama unauliza wapi pana pengo kubwa zaidi, nitakuambia bila kusita: stesheni. Simba wa Tsavo, wale waliowala wajenzi wa reli, wameandikiwa vya kutosha katika kila lugha. Fort Ternan, Koru, Kibigori, Miwani hazina hata aya mbili za maana kwa Kiswahili. Kila moja ina soko lililoanza kwa sababu treni ilisimama hapo, duka la Mhindi, nyumba za landi za wafanyakazi, na kiwanda cha sukari kisicho mbali. Huo ndio utajiri wa njia yenu, na anayeweza kuuandika ni mtu anayeijua njia.

Mfano wa namna ya kuandika. Wengi huanza hivi: "Stesheni ya Kipkelion ni stesheni maarufu sana ya kihistoria iliyojengwa kwa ustadi mkubwa na inayopendwa na wengi hadi sasa." Hakuna neno hapo linaloweza kuhakikiwa. Linganisha na hili: "Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa wakati wa ukoloni, ni stesheni katika reli ya Nakuru–Kisumu, kati ya Londiani na Fort Ternan." Sentensi ni kavu, lakini kila kipande chake kina pa kushikia, na mhariri atakayekuja baadaye ataongeza mwinuko, mwaka wa kufunguliwa na picha. Makala fupi ya namna hii kwenye Wikipedia ya Kiswahili huitwa mbegu, na si aibu kuanzisha mbegu ikiwa ina chanzo kimoja au viwili vya kweli.

Jihadhari na maneno "sasa", "leo" na "hivi karibuni". Njia ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilikaa miaka bila treni ya abiria, na makala zilizoandikwa kipindi hicho zinasema reli "sasa imekufa". Ilikarabatiwa, na treni ya abiria ikarudi Kisumu Desemba 2021. Aliyeandika "sasa" amepitwa, lakini aliyeandika tarehe bado yuko sahihi. Andika "kufikia Desemba 2021", halafu atakayekuja ataendeleza.

Nirudi kwa mzee. Usiache kurekodi masimulizi yake kwa sababu kamusi elezo haiyapokei moja kwa moja. Yarekodi kwa simu, sauti iwe safi, useme mwanzoni tarehe, mahali na idhini yake. Muulize kazi yenyewe kwa undani: tokeni au karatasi ya ruhusa ilitolewaje kwa dereva kabla ya kuingia sehemu ya njia moja, nani aliitia sahihi, ilikuwaje simu ya stesheni ya pili isipojibu, gengi la matengenezo liliamka saa ngapi, pointi, yaani vyuma vya kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine, ziligeuzwaje usiku wa mvua. Mambo haya hayamo katika ripoti za kamati, na wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Kisha uipeleke nakala mahali pa kuhifadhi, iwe makumbusho au idara ya historia ya chuo, na uombe ipewe namba ya kumbukumbu. Ukiweza, andika makala ya gazeti au jarida ukimnukuu kwa idhini yake. Siku mtafiti atakapochapisha kitu kilichotegemea rekodi hiyo, ndipo maneno ya mzee yataingia kwenye kamusi elezo kwa mlango halali, na hakuna atakayeyafuta. Usipakie mtandaoni kitambulisho chake, kadi yake ya kazi wala hati ya malipo ya uzeeni, hata kama zina mhuri mzuri wa shirika. Na usianzishe makala juu yake yeye mwenyewe. Wewe ni mtoto wake, na kamusi elezo huomba watu wasiandike makala kuhusu jamaa zao.

Yaliyobaki ni ya kiutendaji. Fungua akaunti, jina la kubuni linaruhusiwa. Andika rasimu yako kwenye daftari la simu kwanza, kwa sababu bando likikatika katikati ya kuhariri utapoteza kila kitu. Hifadhi mabadiliko madogo madogo, kila moja na muhtasari wake: "Nimeongeza mwaka na chanzo", "Nimesahihisha jina la stesheni". Mhariri mwenzako akikuta aya tatu zimeingia kwa mkupuo bila muhtasari, atafuta zote hata kama mbili zilikuwa safi. Ukitaka kutafsiri sehemu ya makala ya Kiingereza, unaruhusiwa, ila taja kwenye muhtasari kwamba umetafsiri na kutoka makala gani, maana leseni yake inadai waandishi wa kwanza watajwe. Vyanzo vilivyo chini ya makala ya Kiingereza usivinakili tu. Fungua kila kimoja uone kama kweli kinasema kinachodaiwa. Utashangaa mara ngapi hakisemi. Pindi ukianzisha makala kwa jina jipya kama Kipkelion, tengeneza pia ukurasa wa kuelekeza kutoka Lumbwa, ili anayesoma barua za zamani afike.

Kuhusu aya zako zilizofutwa, hazijapotea. Fungua historia ya makala, utazikuta kama ulivyoziandika. Usizirudishe kwa nguvu, kwa sababu kurudisha na kufuta mara kwa mara ndiko kunakowafanya wakabidhi, yaani wasimamizi wa kamusi elezo, wafunge ukurasa au akaunti. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, uandike kitu kama hiki:

"Mimi ndiye niliyeongeza aya tatu zilizofutwa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, kwa hiyo natangaza uhusiano huo hapa. Napendekeza sentensi ya ufunguzi itaje 20 Desemba 1901 kuwa siku reli ilipofika ziwani, na 1903 kuwa mwaka kazi za kudumu zilipokamilika. Vyanzo viwili nimeviweka chini pamoja na kurasa. Napendekeza pia kuanzisha makala za stesheni za Muhoroni na Koru. Aliyefuta, tafadhali niambie kama kuna tatizo jingine mbali na vyanzo."

Kisha subiri siku kadhaa. Wanaolitunza toleo la Kiswahili ni wachache, wanajitolea, na wengi wana kazi za mchana kama wewe. Wakinyamaza baada ya muda wa kutosha, weka sentensi yako pamoja na vyanzo vyake, na kwenye muhtasari taja kwamba ulishauliza kwenye majadiliano. Ya stesheni anza na Muhoroni, kwa kuwa picha ya ubao unaweza kuipiga ukitoka shule.